Mlima Kilimanjaro: Khabari za Mpaka, za Njia na za Waliobeba Mizigo

Hapana mtoto wa shule katika nchi hii asiyeujua Mlima Kilimanjaro kwa jina. Hata huku kwetu Chunyu, kusini mbali, penye mikorosho na ufuta, mtoto wa miaka saba ukimwuliza mlima mrefu kupita yote katika Afrika atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Lakini kulijua jina si kuzijua khabari. Na miongoni mwa khabari za mlima huu iko moja ipendwayo mno, isimuliwayo barazani na hata darasani, nayo si ya kweli.

Yasemwa kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na milima miwili yenye theluji, Kenya na Kilimanjaro, na mjukuu wake, Kaizari Wilhelm wa Udachi, hakuwa na hata mmoja. Bibi akamwonea huruma mjukuu, akampa Kilimanjaro kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa kwake. Na ndiyo sababu, husema wasimuliaji, mpaka wa Kenya na Tanganyika utokao baharini ukafika pale ukapinda, ukauzunguka mlima, kisha ukashika tena njia yake hata Ziwa Viktoria.

Kisa ni kitamu, lakini wanavyuoni wa hadithi wametufundisha kwamba khabari haipokelewi kwa utamu wake. Huulizwa kwanza nani aliyeisimulia na ameipokea kwa nani, tena hutazamwa kama tarehe zake zapatana. Tukiitia hii katika mizani hiyo, haisimami. Mapatano yaliyouchora mpaka ule yalifanywa baina ya Waingereza na Wadachi mwishoni mwa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1886. Mwaka huo mjukuu wa Malkia hakuwa Kaizari. Kaizari alikuwa babu yake kwa upande wa baba, naye ndiye Wilhelm wa kwanza, na huyo hakuwa mjukuu wa Malkia hata kidogo. Babu alikufa Machi 1888, baba mtu akatawala siku zipatazo mia akafa naye, na Juni 1888 ndipo mjukuu alipokaa kitini. Zawadi ilikwisha tolewa, basi, kabla ya mpokeaji kuwa na mamlaka ya kupokea.

Khabari ya kweli haina utamu ule, lakini yatuhusu sisi watu wa pwani zaidi kuliko kisa cha bibi na mjukuu. Zamani zile Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, alikuwa akidai kwamba bendera yake nyekundu yafika bara, kufuata njia za misafara. Mwaka 1884 Mwingereza mmoja, Harry Johnston, alikaa pande za mlimani akatia saini mapatano na wazee wa Taveta. Mwaka 1885 Sultani akampeleka mkuu wa majeshi yake, Lloyd Mathews, naye ni Mwingereza vilevile, aende Uchagani pamoja na askari. Mathews akafika kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa misafara walimwita Mandara, na kwa Mamangi wengine, akawatia katika utii wa Sultani kwa maandishi. Haukupita muda, akafika Mdachi aliyeitwa Karl Jühlke, mtu wa kampuni ya Carl Peters, naye akaandikiana mkataba wake na Mangi yule yule wa Moshi. Mlima mmoja, karatasi mbili, na Taveta karatasi ya tatu.

Walipokaa wakubwa wa Ulaya kugawana, karatasi ya Jühlke iliwapa Wadachi Uchaga, karatasi ya Johnston ikawapa Waingereza Taveta, na karatasi ya Sayyid Barghash haikumpa kitu. Yeye aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, akalazimika kukubali. Mpaka ukaandikwa hivi: uanzie penye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, uende hata Ziwa Jipe, upite kati ya Taveta na Uchaga, uzunguke chini ya mlima kwa upande wa kaskazini, kisha unyoke moja kwa moja mpaka Ziwa Viktoria. Huo ndio upindaji wa mpaka na sababu yake. Mimi naona ni afadhali mtoto aambiwe hivi, ajue kwamba babu zake walikuwamo katika khabari hii, kuliko kuambiwa kwamba mlima ulifungwa katika karatasi ya zawadi.

Sasa tuutazame mlima wenyewe. Aliye mbali hudhani ni mlima mmoja, kumbe ni milima mitatu ya moto iliyoungana. Shira, ulio magharibi, ni mkongwe kuliko wenziwe, umekwisha poromoka ukawa uwanda. Mawenzi, ulio mashariki, una urefu wa mita 5,149, nao umechongoka na kuvunjikavunjika kama gofu la ngome. Kibo uko katikati, una mita 5,895, na kichwa chake ni cha mviringo. Moto wa Kibo haujazimika kabisa, kwani ndani ya shimo lake mna mahali panapotoka mvuke wenye harufu ya kiberiti. Wachagga husimulia kwamba Mawenzi alikuwa na tabia ya kumwendea nduguye Kibo kuomba moto, kila mara husema wake umezimika, hata Kibo akachoka na udhia akamtwanga kwa mchi, na makovu yale ndiyo tuyaonayo hata leo. Hicho ni kisa pia, lakini hakidai kuwa historia, basi hakina ubaya.

Miguuni pa mlima, upande wa kusini na mashariki, ni vihamba vya Wachagga: migomba, na chini ya migomba mibuni, na kati yake mifereji iliyochimbwa na mababa kwa mikono ili kuyaleta maji kutoka makorongoni. Kila mfereji una wenyewe na zamu zake. Juu ya vihamba ni msitu mzito wenye mvua na ukungu, makao ya mbega. Msitu ukiisha, miti hugeuka vichaka, na vichaka hugeuka majani, na hapo huonekana mmea wa ajabu, shina lake nene kama mnazi mfupi, kichwani una majani makubwa kama kabeji, na majani yaliyokufa haudondoshi, huyavaa kama mtu avaavyo blanketi ili baridi isimwue. Hapana mahali pengine duniani unapoota mmea huo wa namna yake khasa. Baada ya hapo ni jangwa la mawe, kisha barafu. Mtu aendaye kwa miguu huyapita yote hayo kwa siku nne au tano, kana kwamba ametoka Lindi akafika nchi za theluji bila kupanda meli.

Upande wa kaskazini ni mwingine. Huko mvua ni haba, msitu ni mwembamba, na mlima hushuka mpaka nyika za Wamasai na Amboseli, iliyo Kenya. Mabwawa ya Amboseli, wanakokunywa ndovu, hulishwa na maji yaliyozama mlimani yakapita chini ya ardhi, wala hayakuulizwa cheti mpakani. Ziwa Chala, shimo la volkeno lenye maji ya kijani, mpaka wapita katikati yake, na maji yake hutoka chini kwa chini mlimani. Mto Lumi hushuka ukapita Taveta ukaingia Ziwa Jipe, nalo nusu yake ni letu na nusu ni la jirani. Na soko la Taveta, tangu kabla ya mikataba, wanawake wa Kichagga hushuka na ndizi. Tangu mwaka 2016 Holili na Taveta zina kituo cha pamoja, msafiri hugongewa mihuri yote miwili mahali pamoja, na hii ni rehema kwa wenye biashara ndogo.

Mtu aswaliye juu ya mlima huu, Kibla chake ni kaskazini, ikielekea mashariki kidogo sana. Maana yake uso wake umeelekea ng'ambo ya mpaka, na sehemu kubwa ya Kenya iko mbele yake.

Turudi kwenye khabari za watu. Vitabu vingi huandika kwamba Kilimanjaro uligunduliwa na padri Johannes Rebmann tarehe 11 Mei 1848. Neno hilo la kugundua lataka kutazamwa vizuri. Rebmann hakuwa akitangatanga peke yake. Alikuwa akiongozwa na kirongozi wa misafara, mtu wa pwani aitwaye Bwana Kheri, aliyekwisha kwenda Uchagani mara nyingi na kurudi. Siku ile walipouona mlima, Rebmann alimwuliza kirongozi wake kile cheupe kileleni ni kitu gani, naye akajibu neno moja: baridi. Padri ameliandika mwenyewe katika khabari zake. Wengine wamelicheka jibu lile, kana kwamba Bwana Kheri hakujua asemalo. Mimi naona alijibu bara'bara. Lugha yetu ya pwani haikuwa na haja ya jina la kitu hicho, naye akataja tabia yake, wala hakukosea. Wachagga wenyewe walimweleza Rebmann kwamba Mangi mmoja wa zamani alipata kutuma watu wakakichukue kile cheupe, akidhani ni fedha, wakafa karibu wote, na aliyerudi alirudi mikono na miguu imeharibika.

Rebmann alipoandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na mstari wa Ikweta, mwanachuoni mmoja wa London, William Desborough Cooley, akambeza kwa miaka mingi. Alisema haiwezekani, naye hajaitia Afrika ya Mashariki mguuni mwake. Mwaka 1862 Baron von der Decken na Otto Kersten wakapanda mpaka mita zipatazo 4,200 na theluji ikawaangukia usiku. Hata hapo Cooley hakusadiki. Basi watu wa aina hiyo hawakuanza leo.

Aliyefika kileleni mara ya kwanza, kwa ushahidi ulioandikwa, ni Mdachi Hans Meyer, pamoja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa shule kutoka Salzburg, tarehe 6 Oktoba 1889. Meyer alikuwa amekwisha jaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1888 akaja tena, lakini ndizo siku ambazo watu wa pwani wakiongozwa na Bushiri bin Salim walisimama kuipinga kampuni ya Wadachi. Meyer na mwenziwe wakakamatwa njiani, wakafungwa minyororo, na hawakuachiwa ila kwa kulipa fidia. Mara ya tatu akapita Taveta, akafika Marangu, na Mangi Marealle akampokea vizuri.

Wapagazi wake wengi walikuwa watu wa pwani. Kadiri msafara ulivyopanda ndivyo walivyorudishwa chini, kwa kuwa hawakuwa na nguo za kuhimili baridi ile, mpaka kule juu kwenye nchi ya mawe wakabaki watu watatu tu: Meyer, Purtscheller, na mmoja wa Pangani, ambaye Meyer amemwandika Mwini Amani. Sisi tungeandika Mwinyi Amani. Wazungu wawili walipokwenda kileleni, yeye alibaki kambini peke yake, penye kimo cha zaidi ya mita 4,000, siku baada ya siku, akiwatayarishia moto na chakula. Fikiri mtu aliyezaliwa kwenye minazi, hajapata kuona maji yakiganda, akae peke yake kwenye uwanda ule usio na mti wala sauti, usiku upepo ukipiga hema, asijue kama wenziwe watarudi. Lau angeondoka, wale wawili wangerudi wamechoka wakakuta majivu. Hakuondoka.

Meyer alikipa kilele jina la Kaizari wake, akachukua jiwe la pale akampelekea, nalo likatiwa katika ukuta wa jumba la kifalme kule Potsdam. Mwinyi Amani hana jiwe wala kilele. Lakini mto Pangani chanzo chake ni maji ya Kilimanjaro na ya Meru, nao humwagika baharini mji ule ule alikotoka yeye.

Marangu wanalo jina lingine, la Yohani Kinyala Lauwo. Mwaka 1989, ilipotimia miaka mia tangu safari ya Meyer, mzee huyo alitajwa na kuheshimiwa kuwa ndiye kijana aliyewaongoza wazungu wale, naye alikufa mwaka 1996. Wako watafiti waliotia shaka, kwa kuwa Meyer hakumtaja, na kwa kuwa umri uliosemwa ulipita miaka 120. Wengine hujibu kwamba Meyer hakutaja wengi. Kwamba Lauwo aliongoza wapandaji wengi kwa muda mrefu, hilo halina mgogoro. Ama la 1889, mimi naliacha mahali pake, na namtaja Mwinyi Amani kwanza, kwa sababu ushahidi wake umeandikwa na mtu aliyekuwa naye.

Mamangi wenyewe mwisho wao ulikuwa mchungu. Mangi Meli, mwana wa Rindi, alipigana na Wadachi, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na wakubwa wengine, na kichwa chake yasemwa kilipelekwa Udachi. Jamaa zake wamekitafuta mpaka karne hii.

Mpaka uliochorwa kwa kalamu mwaka 1886 ulirudi kuchorwa kwa damu. Agosti 1914 Wadachi walivuka wakaishika Taveta. Februari 1916 Waingereza na majeshi ya Afrika ya Kusini wakapiga kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma, na mwezi wa pili yake wakapigana usiku kucha katika vilima vya Latema na Reata, chini ya mlima, mpaka Moshi ikatwaliwa. Watu wa kusini wasidhani khabari hii ni ya Wachagga na Wataveta peke yao. Vita ile ile ilishuka nchi nzima ikaja kwetu. Oktoba 1917 Waingereza waliichukua Ruponda, iliyo leo katika wilaya ya Nachingwea, na kuanzia tarehe 15 mpaka 18 ya mwezi huo ikapigwa Mahiwa, vita kali kuliko zote zilizopiganwa katika nchi hii. Tarehe 25 Novemba Wadachi wakavuka mto Ruvuma, ambao nao ni mpaka. Na walioibeba vita ile mabegani, tangu kivuli cha Kilimanjaro mpaka Ruvuma, ni wapagazi. Waliokufa upande wa Waingereza pekee huhesabiwa kuanzia 90,000, wengi si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa. Mzee mwenye kumbukumbu za kupokewa kwa wazazi wake, hapa Chunyu au Lukuledi, ayaandikishe kwa wajukuu kabla hajaondoka nayo.

Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alisema katika baraza la kutunga sheria kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, uangaze hata nje ya mipaka. Usiku wa kuingia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha mwenge huo kileleni, na kilele cha Kaizari kikaitwa Uhuru.

Sasa maneno machache kwa vijana watakao kupanda, maana najua wako. Mimi niandikaye sikufika kileleni. Nilipokwenda Moshi kumtazama mwanangu aliyekuwa kazini huko, nilikwenda naye siku moja, kwa njia ya Marangu, mpaka vibanda vya Mandara, mita 2,720, na kutoka hapo robo saa mpaka ukingo wa shimo dogo la kale liitwalo Maundi. Safari hiyo ya kutwa inatosha kwa mtu wa umri wangu, na inafaa sana kwa aila yenye watoto wakubwa. Njia ni nzuri, imo msituni, miti imevaa ndevu za kijani, na maji yalia pembeni kila mahali. Kutoka Maundi, mawingu yakifunguka, waona nchi mbili kwa pamoja: migomba ya Rombo chini, na ng'ambo yake nyika ya Kenya, rangi ya simba. Nilitafuta mpaka kwa macho. Hauonekani.

Atakaye kuendelea, toka Mandara hulala Horombo, mita 3,720, kisha kibanda cha Kibo, mita 4,720, na usiku wa manane huanza kupanda changarawe mpaka ukingo wa shimo, penye mahali paitwapo Gilman, kisha kuufuata ukingo mpaka Uhuru. Iko pia njia ya Rongai, itokayo upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, ambayo ni kavu zaidi na ina watu wachache, na Machame, yenye kupanda na kushuka kwingi. Kule juu hewa impayo mtu nguvu ni kama nusu ya ile ya pwani. Ndiyo maana viongozi hawaachi kusema "pole pole", wala si adabu tu, ni dawa. Kijana mwenye nguvu za kucheza mpira huanguka, na mama mtu mzima aendaye taratibu hufika. Kuumwa kichwa, kukosa hamu ya chakula, kutapika, hizo ni dalili za maradhi ya kimo, na zikizidi, au mtu akianza kuyumba au kukohoa kwa kukosa pumzi, dawa yake ni moja, kushuka, saa ile ile, hata kama ni usiku na kilele kiko karibu. Wamekufa watu wenye afya kwa kuona haya kurudi. Siku moja ya ziada ya kupumzika Horombo ni bora kuliko kiatu cha bei.

Hifadhi ya Kilimanjaro iliwekwa kwa sheria mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Hairuhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye kibali, na ada ya mwananchi ni ndogo sana kuliko ya mgeni, jambo ambalo wengi wetu hatulijui, tukadhani mlima ni wa wazungu.

Atakayekwenda asichelewe. Meyer mwaka 1889 alilazimika kuchonga ngazi katika barafu kwa shoka, hatua baada ya hatua. Leo apandaye kwa njia ya Marangu hufika ukingoni akikanyaga vumbi na changarawe. Barafu yote ya mlima mwaka 1912 ilikadiriwa kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Wataalamu waliotoboa barafu ile mwaka 2000 wakachunguza tabaka zake waliona za chini kabisa zina umri wa miaka ipatayo 11,700, na UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba huenda barafu hiyo isiwepo ifikapo 2050. Sababu zake ni joto la dunia lizidilo, na theluji mpya isiyoanguka kwa kadiri ya kuifidia ile iyeyukayo na jua. Ila tusichanganye mambo: maji ya mifereji na ya mto Pangani mengi hayatoki kwenye barafu, hutoka kwenye mvua ya msituni. Kwa hiyo kwa mkulima wa Marangu na mvuvi wa Pangani, moto uliounguza nyika za juu mwezi wa Oktoba 2020, na shoka liingialo msituni kila siku, yana khatari ya karibu zaidi.

Na wapagazi wapo hata leo, maelfu. Ni vijana wa Kichagga na wa makabila mengine, na nimesikia wako na wa kwetu kusini. Kwa kila mgeni mmoja huenda watu watatu au wanne, wenye hema, majiko, mitungi, viti na hata meza. Kanuni ya hifadhi ni mzigo usizidi kilo 20, na langoni pana mizani. Lakini mizani iko langoni, na mlima ni mrefu. Wapo waajiri wema, na wapo walipao ujira pungufu, wawalishao vijana mlo mmoja kwa siku, na wawapandishao na koti moja lililochanika mahali ambapo maji huganda ndani ya chupa. Wapagazi wamekufa kwa baridi kule juu katika miaka yetu hii. Tangu mwaka 2003 uko mradi Moshi uwaazimao wapagazi nguo za baridi bila malipo, na uyatazamao makampuni yanavyowatendea.

Basi wewe utakayekodi msafara, kabla ya kuuliza bei uliza wapagazi watalala wapi, watakula mara ngapi, na ujira wao utalipwa siku gani. Na mkifika kambi ya kwanza, muulize kila mmoja jina lake na alikotoka, uliandike katika daftari lako, ukianza na yule abebaye mzigo wako.